Kipanga Hajui Kurudi Nyuma

Nani huyo: ana viti viwili tu, sauti ya radi, rangi ya pilipili iliyoiva, akikimbia kofia za watu zinaruka, lakini ukimwambia arudi hatua moja hawezi? Usihangaike kutoa mji. Jibu lilikuwa ndani ya banda la mabati, nyuma ya nyumba ya fundi mmoja wa magari, na aliyelijua alikuwa fundi mwenyewe peke yake.

Fundi huyo watu walimwita Daktari wa Gia, tena si bure. Gari likikoroma likibadilishwa gia, yeye alisogeza sikio, akafumba jicho moja, akataja kipande kilicholika kabla hajagusa spana. Madereva wa malori walitoka mbali kumfuata. Lakini kipenzi cha roho yake kilikuwa gari lake mwenyewe la michezo, la chini hivi kwamba ukitaka kuingia unakunja magoti mpaka yakutane na kidevu. Alilikuta limetupwa uani kwa mtu, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Akalifufua skrubu kwa skrubu, miaka minne, akaliita Kipanga.

Sasa sikia lililomkuta. Wiki ileile aliyooa ndiyo aliyokuwa akimalizia giaboksi. Vipande alivilowesha kwenye mafuta ya taa, akavisugua, akavipanga. Kigurudumu kimoja cha meno, kile kinacholiwezesha gari kurudi nyuma, kikatoweka. Alitafuta chini ya meza, akatafuta mifukoni, akatafuta hata ndani ya viatu vya arusi. Hola. Na kwa gari la zamani namna ile, kipande hicho hakipatikani dukani tena. Naye ameshajigamba kwa bibi arusi kwamba Jumamosi atamtembeza na Kipanga! Akaona, aa, mbele gari litakwenda bila hicho. Akafunga giaboksi, akafunga na mdomo. Nitakitafuta wiki ijayo, akajiambia. Wiki ijayo hiyo ikawa miaka sita.

Daktari wa Gia, gari lake halina rivasi! Aibu gani hiyo?

Akajifunza ujanja. Popote alipoegesha, pua ya Kipanga ilitazama njia ya kutokea. Mtaa usiopenya hakuuingia. Akiipita nyumba waliyokuwa wakiiendea, basi: alizunguka soko, akapita kiwanda cha matofali, akavuka daraja kwenda, akalivuka tena kurudi, ndipo akatokea upya mlangoni kama mtu aliyekusudia. Mkewe aliegemeza kichwa, mtandio unacheza na upepo, akasema, "Mume wangu, wewe unapenda kunitembeza."

Daktari akameza mate.

Humo njiani walitegeana vitendawili, aliyeshindwa anatoa mji. Mwanamke huyu kwa vitendawili alikuwa moto. Miji yote aliyoijua Daktari alikwisha kumpa, sasa alikuwa anatoa vijiji.

Mke alikuwa fundi cherehani, tena wa magauni ya maharusi. Chumba chake cha kushonea kilikuwa cheupe pe, na sheria yake moja: Daktari asivuke kizingiti. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliingia kumsalimu, akaegemea meza, akaacha vidole vitano vya grisi kwenye shela ya mtoto wa watu. Tangu siku hiyo husimama mlangoni na kikombe chake cha chai kama mtu aliyekuja kuulizia njia. Kutoka pale alimwona mkewe akitandaza kitambaa, akilaza juu yake karatasi za vipimo, akizigandamiza kwa vizito ili zisiteleze. Kila kizito alikishonea kijikoti cha pamba, kisichafue kitambaa, na kila kimoja kilikuwa na jina. Jiwe refu ni Mwalimu. Kipande cha nondo ni Jirani. Na kile cha duara, kifupi, kizito kuliko vyote, ni Kibonge.

"Kibonge, kaa hapo usicheze," alikuwa akikiambia.

Ndivyo nyumba ilivyokaa. Mke ana kizingiti chake, mume ana usukani wake.

Mpaka Jumatatu moja mke akaja mezani, akaweka kikadi mbele ya sahani ya mumewe.

"Nini hiki?"

"Soma. Si una macho?"

Ilikuwa leseni ya udereva. Picha yake yeye, ametoa macho kama aliyeitwa ghafla.

"Umejifunza lini?"

"Kila Jumanne na Alhamisi, miezi mitatu."

"Si ulikuwa unakwenda kununua vifungo?"

"Mume wangu, vifungo gani hivyo vya miezi mitatu? Nashonea jeshi?" Akacheka, akavuta kiti. "Jumamosi shangazi anakuja. Nitampokea kituoni mimi mwenyewe, na Kipanga. Nilimwahidi nikiwa darasa la tatu. Alikuwa ananipeleka shule kwa miguu, mvua inyeshe isinyeshe, nikamwambia shangazi, iko siku utakaa, mimi nitakuendesha."

Daktari akarudisha tonge kwenye sahani. Kituo cha mabasi! Pale bila kurudi nyuma hutoki hata kwa dua.

"Klachi yake nzito," akasema.

"Nina miguu."

"Kiti nimekipima kwa mgongo wangu."

"Nitaweka mto."

"Halafu... hajazoea mgeni."

"Nani hajazoea? Gari?"

Daktari akajikuna kichwa. Mkewe akamtazama, na kile kicheko kikamtoka usoni taratibu.

"Miaka sita nimekaa kile kiti kingine," akasema. "Nikadhani ni kiti changu. Kumbe ni cha mgeni." Akachukua leseni, akaitia ndani ya kopo la vifungo, akabana kifuniko. "Sitaomba tena. Nitamfuata kwa teksi."

Siku mbili zile nyumba ilikuwa na adabu ya kutisha. "Tafadhali nipe chumvi." "Asante sana." "Karibu." Hakuna kitendawili, hakuna utani. Hata Kibonge hakusemeshwa. Daktari alilala chini ya lori la mtu anafungua nati, huku moyo wake unafungwa. Akisema ukweli, mke atajua ameolewa na mwongo mwenye jina kubwa. Asiposema, mke atabaki akiamini kwamba mumewe anathamini chuma kuliko yeye. Akalipima hili, akalipima lile, mwisho akachagua la katikati, kama wafanyavyo waoga. Alhamisi mchana alinawa mikono mpaka viwiko, akasimama kizingitini na ufunguo mkononi na karatasi mkono wa pili.

"Bibie. Twende ukajaribu."

Sindano ikasimama. "Kweli?"

"Kweli. Ila ufuate ramani hii."

Mke akaigeuza karatasi, akaigeuza tena. "Hii ramani au konokono? Mbona mishale yote inazunguka?"

"Ndiyo njia nzuri kwa mwanafunzi."

Akaingia na mto wake, akajifunga mkanda, akawasha. Kipanga akanguruma. Daktari kwenye kile kiti kingine hakujua aweke wapi mikono, akaikalia. Lakini walipofika soko alikuwa ameitoa. Mke aliingiza gia kwa wepesi ule wa kuingiza uzi kwenye sindano, bila kukwaruza, bila kushtua, macho mbele, midomo ameikunja kwa furaha. Hajawahi kumwona kwa upande ule. Alijua shingo yake akiwa ameinama kwenye cherehani, alijua kicheko chake akiwa abiria. Huyu dereva alikuwa hajamjua. Miaka sita nimejinyima kitu kizuri namna hii, akawaza.

Basi kwenye kona ya kiwanda cha matofali wakakuta barabara imechimbwa, kamba imevutwa.

"Ramani yako imekufa," mke akasema, na kabla Daktari hajafungua kinywa, akakata kushoto, kwenye kichochoro cha madobi. Mashuka kulia, mashuka kushoto, na mbele yao, likijaza njia nzima, lori la maji.

Lori likapiga honi. Mke akakanyaga klachi, akashika mkono wa gia. "Rivasi iko upande gani? Kwenye gari la chuo ilikuwa juu kushoto."

Daktari alikuwa ameshafungua mlango. "Weka gia huru. Nitasukuma."

"Usukume gari zima? Kwa nini?"

"Mazoezi."

Dereva wa lori akachomoza kichwa dirishani, uso ukamchanua. "Daktari! Ni wewe? Rudi nyuma kidogo basi, mimi nimejaa maji, nikirudi nitamwaga. Si wewe Jumatatu umenifungia rivasi yangu ukaniambia rivasi ndiyo heshima ya gari?"

Dobi mmoja akaacha kukamua shati asikilize vizuri.

Daktari alisimama katikati ya mashuka, mikono kwenye boneti yenye moto. Akamtazama mkewe kupitia kioo. Akajikaza kisabuni.

"Halina," akasema.

"Halina nini?"

"Rivasi. Kipanga hana rivasi. Tangu wiki ya arusi yetu. Nilipoteza kipande."

Maji yanadondoka kwenye mashuka, to, to, to. Kisha dereva wa lori akaangua kicheko, dobi naye, na wote wawili wakaja kusukuma, wakiitana "daktari mwenza" kila walipovuta pumzi. Mke akageuza shingo, akatazama nyuma, akazungusha usukani polepole, akampitisha Kipanga katikati ya mashuka bila kugusa hata pindo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari lile kurudi nyuma tangu lifufuke, na aliyelirudisha ni mwanafunzi.

Waliendesha mpaka darajani. Mke akasimamisha gari pembeni.

"Kiwanda cha matofali," akasema, anatazama mbele.

"Ndiyo."

"Daraja mara mbili."

"Ndiyo, bibie."

"Na ile siku ya kukumbuka ndoa, tulipozunguka ziwa lote, ukaniambia unataka nione ndege?"

"Nilikuwa nimeipita njia ya kuingia hotelini."

Mabega ya mke yakaanza kutikisika. Ole wangu, Daktari akawaza, nimemliza. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akalalia usukani, honi ikalia, mpanda baiskeli aliyekuwa akipita akaruka kando. Halafu akajifuta macho kwa mtandio, na sauti ikabadilika.

"Lakini umeniacha nikadhani hunitaki hapa nilipokaa."

"Niliona aibu."

"Aibu kwangu? Mimi mkeo au mteja wako?"

Daktari aliinamisha kichwa, na kwa mtu mwenye jina lile, kuinama kulitosha.

"Haya, kikoje hicho kipande chako?" mke akauliza, sasa kwa upole.

"Cha duara. Kipana kama kiganja chako. Kina meno pande zote na tundu katikati. Kizito! Nilikilowesha peke yake kwenye kopo la maziwa, nikakiweka dirishani jikoni..."

"Kopo la bluu?"

"La bluu. Umejuaje?"

Sasa zamu ya mke kumeza mate. Akawasha gari.

"Tunakwenda nyumbani," akasema.

"Kwa njia gani?"

"Ya mkato!"

Alimvuta mkono mpaka chumba cha kushonea. Kizingitini miguu ya Daktari ikagoma yenyewe.

"Ingia."

"Nina grisi."

"Ingia, we mwanamume. Leo hakuna msafi humu."

Akamchukua Kibonge mezani, akakata uzi wa kijikoti kwa mkasi mdogo, akamvua. Kikatokea kigurudumu cha meno, kinang'aa kama kimetoka kiwandani jana, kwa kuwa mke alikuwa akikisugua kwa mafuta ya cherehani kila mwaka, akikikausha, kabla ya kukibadilishia koti.

"Nilikuwa bibi arusi wa siku tatu," mke akasema. "Nimekuta kopo linanuka mafuta ya taa karibu na vikombe. Nikamwaga, nikakuta chuma kizuri. Nikakiosha kwa sabuni. Nilidhani ni takataka zako."

"Miaka sita! Ukuta mmoja tu kutoka kwenye gari!"

"Si ungeuliza!"

"Si ungesema!"

Walisema kwa pamoja, kisha kila mmoja akamwonyesha mwenzake kidole, kisha wakakaa chini sakafuni, kwenye vipande vya hariri, wakacheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna mgonjwa.

Ijumaa nzima giaboksi ilikuwa chini. Kuna pini ndogo mle ndani inayoshika kile kigurudumu, na vidole vya Daktari vilikuwa vinene. Ni mke aliyeingiza mkono mwembamba, ulimi nje, akaipachika kwa mara moja. "Kumbe ni kama kushona shanga," akasema, grisi mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi asubuhi alimtoa Kipanga bandani kwa kurudi nyuma, akamrudisha, akamtoa tena. Mara ya pili ilikuwa ya maringo tu. Viti ni viwili, kimoja cha shangazi, basi Daktari akabaki langoni, mikono haina kazi, anatazama gari lake likiondoka bila yeye kwa mara ya kwanza. Likapinda kona. Mngurumo ukapotea.

Kituo si mbali. Nusu saa ikapita. Saa nzima ikapita. Daktari alitembea kutoka langoni mpaka bandani mpaka njia ikachimbika. Pini imechomoka? Wamekwama? Ndipo akausikia ule mngurumo, ukitokea upande usiotarajiwa kabisa, upande wa darajani.

Shangazi alitoka kwa shida, magoti kwanza, kilemba kimekaa kama kiota.

"Mkwe wangu!" akasema, meno yote nje. "Huyu mtoto kanizungusha! Tumepita soko, tumepita matofali, daraja tumelivuka mara mbili!"

Daktari akageuka rangi. "Rivasi imekataa?"

"Rivasi nzima," mke akasema. Akavua mto kitini, akautia kwapani, akamtupia ufunguo. "Nilitaka kumtembeza."