Udongo Uliopungua Shimoni

Fundi Asanasio hakuwa mtu wa kuamini macho. Kwa miaka ishirini na mitano ya kujenga Bwera na vitongoji vyake, kipimo chake kilikuwa kimoja: chimba shimo la kufika kiunoni, kisha rudisha udongo uleule uliotoka humo. Ukibaki mwingine juu, ardhi imeshiba, jenga. Ukipungua, ardhi ina njaa, na ardhi yenye njaa hula nyumba. Mainjinia walimcheka. Naye aliwacheka, maana wao huja na viatu safi na kuondoka navyo safi.

Asubuhi ile alikuwa kwenye kiwanja cha Salmah, muuza vitenge wa sokoni Mpondwe. Mto Nyamwamba ulipofurika ulimchukulia nyumba yake ya Kilembe, na kitanda, na cherehani, na tangu hapo aliapa hatalala tena mahali panapoweza kuondoka. Shimo likachimbwa, udongo ukarudishwa wote, hata ule ulionasa kwenye majani ukakwanguliwa. Shimo halikujaa. Palibaki pengo la kuzamisha mkono hadi kiwiko.

Asanasio akaingia mwenyewe, akalichimba upya kupita kiuno. Wekundu ukaisha, ukaja weusi laini wenye kunuka uchachu. Maganda ya kahawa, yameoza. Basi hapa wafyatua matofali waliwahi kuchimba, na kinu cha kahawa kikaja kutupa taka zake humo. Akaufuata ule weusi kwa mtalimbo, akichoma hapa na pale, nao ukizama kama kidole kwenye ugali wa muhogo. Ulimpeleka hadi mpakani, chini ya ukuta wa Wahab.

Nyumba ya Wahab, mwenye malori, aliijenga yeye Asanasio mwaka juzi. Kilikuwa kiangazi, ardhi imekauka kama jiwe, na Wahab akimhimiza amalize kabla mkewe hajajifungua. Akapima kona moja tu, ile ya barabarani. Kona hiyo ilishiba, akasema zote zimeshiba. Sasa humo walilala watu sita.

Njia ya kuponyoka ilikuwepo, na aibu yake ni kwamba aliifikiria. Angeweza kumwambia Salmah kiwanja ni kidogo, atafute kingine, na ya jirani yasitajwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo alivyozoea kuwaambia wateja wanaobania nondo. Kuwaambia wengine ni rahisi.

Salmah alisimama ukingoni akimtazama yeye, si shimo. Akamuuliza kama panafaa.

"Hapa haifai, mama. Chini iko maganda ya kahawa tu. Nyumba itashuka."

Mama wa watu hakulia. Alisema amekimbia maji, kumbe na udongo nao unakimbiwa. Kisha akageukia ukuta wa jirani.

"Mimi nilinunua hapa sababu ya ile nyumba," alisema. "Nilisema, kama ile imesimama, na yangu itasimama. Ile iko juu ya nini?"

Asanasio alipanda kutoka shimoni, akapangusa mikono kwenye suruali, akaenda kubisha kwa Wahab, Salmah akimfuata nyuma.

Aliyefungua ni Jamira, mke wa Wahab, na uso wake ukachangamka. Alisema Mungu ndiye aliyemleta: tangu mvua zianze, mlango wa chumba cha watoto umekataa kufunga. Wahab alitaka kuleta fundi mwingine, yeye akagoma.

"Nilimuambia, mutu mwenye alijenga ndiye anajua."

Asanasio akaingia, akautazama mlango. Juu ya fremu ufa ulikuwa umepanda hadi darini, upana wa kidole gumba. Ndani watoto watatu walikuwa wamelala chali mkekani, wakicheka jambo lao.

"Toa batoto inje kwanza, mama," akasema. "Kosa iko yangu."