Vidonge Ngapi kwa Siku

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: ni moto gani unawaka ndani ya blauzi, na blauzi haiungui?

Usijisumbue. Ni maumivu ya binti yangu Gabriella. Mkanda wa jeshi ulimtokea ubavuni. Vipele vikakauka, moto ukabaki kwenye mishipa ya fahamu. Kitambaa kikimgusa tu anaruka, naye ni fundi wa kushona.

Kliniki ya hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, ilimpa tramadol, dawa kali ya maumivu, kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Alipata nafuu. Kisha nikaanza kuokota karatasi tupu za vidonge katikati ya vipande vya vitambaa, nyingi kuliko alizopewa. Vingine alinunua sokoni. Nilijua, nikanyamaza.

Mwezi uliopita kanisa letu lilifunga na kuomba siku tatu, na Gabriella akaacha hata dawa. Siku ya pili jasho lilimtoka, akatetemeka, akatapika. Mama Madeleine, kiongozi wa wanamaombi, akasema ni pepo. Wakamzunguka, wakaomba mpaka sauti zikakauka. Gabriella akaomba kwenda chooni. Aliporudi, baada ya muda akatulia. Jumapili Mama Madeleine akatoa ushuhuda, kanisa zima likapiga makofi. Mimi nilipiga pia, lakini mikono ilikuwa mizito.

Jana tukapanda gari kwenda hospitali Lilongwe. Na kwetu, anayejua Chichewa, lugha ya wenyeji, cha kutafsiri ni nani? Mama Madeleine yule yule.

Daktari akauliza, Mama Madeleine akatafsiri: "Anauliza, kwa siku unakunywa ngapi?"

"Mbili," akasema Gabriella, macho kwenye viatu.

Daktari hakuandika. Alimtazama, kisha akaongea kwa kirefu.

"Anasema iko dawa ingine ya neva, njo inafaa huo moto," Mama Madeleine akatafsiri. "Lakini kama unakunywa zile mingi, zikikutana unaweza kulala na pumzi ikate. Ukisema ukweli, atapunguza polepole, hatakata mara moja. Anauliza tena: ngapi?"

Gabriella akavuta blauzi isimguse ubavu.

"We, si ni mbili?" Mama Madeleine akacheka. "Huyu nilimuombea mimi mwenyewe. Pepo ilikimbia bila viatu."

Nikawakumbuka ndugu zake wanne, nikasema: "Gabriella, mi nilizika batoto bane."

"Mama, nyamaza."

"Nimenyamaza tangu mvua ya kwanza. Leo nimechoka."

Daktari akangoja. Nje muuguzi akaita jina la mgonjwa mwingine. Daktari akatazama mlango, akavuta karatasi, akaanza kuandika ile dawa mpya. Nikaona kalamu ikitembea. Chichewa changu ni zikomo tu, yaani asante; ningemwambia nini?

"Ngoja," akasema Gabriella.

Hakumtazama daktari. Alimtazama Mama Madeleine.

"Mwambie kumi. Siku ingine kumi na mbili. Na ile siku ya maombi, Mama Madeleine, nilitulia juu ya zile nne nilikunywa kule chooni."