Sindano Kando ya Router

Wacha niwaambie hii kabla hasira iniishe.

Mimi ni Mbeti, wa floor ya nne, mtaa wa Baba Dogo. Router mzee watu wanatupa, mimi naokota. Plot yetu, hili jengo la kupanga, ina intaneti moja tu, iko chini kwa caretaker, Mama Nzivo. Nilivuta waya kutoka kwa router yake hadi kila floor, na mwisho wa kila waya nikaweka moja ya zile za kuokota. Lakini lazima uifunze adabu kwanza! Kazi yake inabaki kurusha Wi-Fi tu. Kugawia simu za watu anwani, zile namba za kuingia nazo mtandaoni, ni kazi ya ile ya Mama Nzivo peke yake. Zikigawa mbili, plot nzima inapotea mtandaoni.

Waruguru wa floor ya tatu ndiye alikuwa ananishikia tochi. Beste yangu tangu darasa la pili. Router ya floor yao niliweka kwake, juu ya kabati, nikamwonya.

"Siz, unaona haka kashimo ka reset? Usiwahi dunga sindano hapa. Itasahau yote nimeifunza, ianze kugawa anwani tena."

"Kwani mimi ni mtoto?" Akacheka.

Sasa Jumanne nilikuwa na interview ya video saa nne asubuhi, na kampuni ya kufunga intaneti. Kazi nimeota miaka mbili! Niliambia mtu mmoja tu. Mshajua nani.

Saa nne kasoro kumi, Wi-Fi imeshika lakini hakuna kitu inafunguka. Jasho! Nikampigia Waruguru.

"Niwashie hotspot ya simu yako, dakika ishirini tu, tafadhali!"

"Woi Mbeti, sina bundles hata za WhatsApp. Pole siz."

Nikaangalia anwani ya simu yangu. Si zile za Mama Nzivo. Kuna router ingine inagawa! Nikashuka ngazi mbio, blauzi ya interview juu, leso chini, patipati moja ikatoka mguuni, ikabaki huko nyuma.

"We msichana, nyumba inachomeka?" Mama Nzivo akauliza.

Nikainama kwa router yake. Nikachomoa waya moja moja. Floor ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ya tatu, na simu ikaanza kulia meseji zote mara moja.

"Labda ni stima ilipotea," Mama Nzivo akasema.

Stima ikipotea router haisahau. Inasahau ukiishika na sindano sekunde kumi, ukihesabu.

Meseji ya mwisho, ya saa nne na dakika kumi, ilikuwa ya kampuni: *Nafasi yako imepita. Tunaendelea na anayefuata.*

Nikapanda pole pole. Floor ya tatu mlango ulikuwa wazi kidogo, na nikasikia sauti naijua kuliko yangu.

"Plot yetu yote nimefunga mimi. Router mzee watu wanatupa, mimi naokota..."

Maneno yangu! Hadi vile mimi hucheka hapo katikati, akacheka.

Nikasukuma mlango. Amevaa nguo ya kanisa, simu imeegemezwa kwa mkebe wa sukari, video ya interview na kampuni ile ile inaenda freshi na bundles zake mwenyewe. Juu ya kabati, kando ya router, sindano. Hata uzi mwekundu hajatoa.

Aliniangalia machoni. Halafu akageukia simu na tabasamu.

"Samahani. Ni jirani tu."

Nilifunga mlango, manze. Kwa upole, kama mgeni.

Kazi alipata. Jana mchana meseji yake ikaingia: *Siz najua umenikasirikia. Niko kwa mteja, anataka router yake mzee irushe Wi-Fi sebuleni. Inakataa. Naanza na nini? Supervisor yuko njiani, please.*

Niliandika kila kitu, hatua kwa hatua, vidole vikikimbia vyenyewe. Halafu nikafuta bila kutuma.

Tiki za meseji yake zimekuwa bluu, anajua nimesoma. Amepiga simu mara saba.

Mimi ni jirani tu.