Siku Recho Alipomsimamisha Dokta

Wiki tano Recho alikuwa anaosha mabeseni. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo, mwaka wa nne, ametoka kwao Kibondo kuja kufanya mafunzo Kasulu, na kazi yenyewe beseni, mkasi, beseni. Asubuhi hiyo Dokta Shamsi, mtu wa Tanga asiye na maneno matamu, akamkabidhi dawa ya usingizi.

"Leo unalaza wewe. Mimi nakata, wewe unamlinda. Akikufia mikononi, unarudi kwenye beseni mpaka siku ya basi lako."

"Sawa, Dokta."

Sawa ya mdomoni tu. Alisoma kipimo kwenye chupa mara tatu.

Mgonjwa alikuwa mbuzi jike wa mzee Kipriani wa Heru Juu. Ng'ombe alimpiga pembe, nyama za tumbo zikachanika ndani kwa ndani, utumbo ukaning'inia chini ya ngozi kama mfuko. Kipriani alimleta kwa bodaboda, amempakata kama mtoto wa kliniki.

"Mzee, hajala kitu tangu jana?" Recho akauliza.

"Hajala, mwanangu." Macho kwenye viatu.

Recho akamchoma mbuzi sindano. Mbuzi akalegea, wakamlaza chali mezani, kichwa kimeinama ili mate yatoke nje. Dokta akakata. Recho hakuangalia kisu hata mara moja. Aliangalia mbavu zikipanda na kushuka, anahesabu kwa saa ya simu. Akagusa kona ya jicho. Akafunua mdomo: fizi pinki, safi.

Dokta akafika kwenye kushona, anapiga mluzi. Hapo pumzi zikaanza kuwa fupi. Recho akahesabu tena. Fupi zaidi. Tumbo limekaza kama tairi, na pembeni mwa mdomo likatoka povu la kijani.

Mnyama asiyekula anatoa wapi kijani?

"Dokta, simama."

"Nimebakiza nyuzi tatu."

"Ameshiba huyu! Gesi inamkandamiza. Simama!"

Miaka kumi na mbili Kasulu, Dokta hajawahi kuambiwa simama na mwanafunzi. Lakini fizi zilishageuka bluu, na hilo halina ubishi. Akatoa mikono, akafunika kidonda kwa kitambaa safi.

Recho akafuta povu, akapitisha mpira kooni, polepole. Ukiingia kwenye mapafu, umeua. Akapuliza.

"Sikiliza tumboni, Dokta."

"Kunabubujika."

Basi mpira uko penyewe. Akausukuma tena kidogo, gesi ikatoka fyuuu, chumba kizima kikanuka matembele yaliyochacha.

Kipriani akapiga kelele dirishani. "Imana we, Mungu wangu! Ni majani kidogo tu! Mgonjwa anatokaje nyumbani na njaa? Majirani wangenionaje?"

"Wangekuona una mbuzi hai, mzee!" Dokta akamfokea.

Recho hakugeuka. Mbuzi alikuwa ameacha kupumua kabisa. Akakandamiza mbavu, akaachia, akakandamiza, jasho linamwingia machoni. Ishirini. Thelathini. Kisha kifua kikapanda chenyewe. Fizi zikaanza kurudi pinki, taratibu, kama zinajishauri.

Dokta amesimama, sindano ya kushonea iko hewani.

"Nishone?"

Recho akahesabu pumzi kumi kwanza. Wala hakuwa na haraka.

"Shona."

Saa moja baadaye mbuzi alisimama, anayumba kama katoka kilabuni. Kipriani akamshika Recho mkono kwa mikono yake miwili, akamwita Daktari. Recho akajikuta amenyooka mgongo, kichwa juu, na hakukiinamisha.

Dokta anavua glavu. "Jumatatu kuna mbwa anatoka Nyarugusu. Utalaza wewe."

"Basi aletwe Jumapili," Recho akasema. "Alale hapa hapa, nione kwa macho yangu kwamba hajala."

Dokta akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya mwenye mbwa.