Bunduki ya Marehemu wa Lidcombe

Msiniambie habari za bahati mbaya. Ujinga ni wangu, na nitausema kwa mdomo wangu mwenyewe, hata kama meno mawili hayapo.

Kazi yangu hapa Sydney ni kusafisha nyumba za waliokufa. Familia inachukua picha na dhahabu, mimi nabeba kilichobaki. Kule Lidcombe, kwenye gereji ya mzee mmoja marehemu, nyuma ya friji, nikakuta bunduki ya vita vya zamani imefungwa blanketi, na kopo la risasi pembeni. Watoto wake walikuwa wameshasema kila kitu cha gereji ni changu, basi nikaipakia garini.

Kiprono, Mkenya ninayefanya naye kazi, ana leseni ya kuwinda. Akaniambia, Masumbuko, ipeleke polisi au duka la silaha lenye leseni, ukiisalimisha hawakushtaki. Ukitaka kuiuza, duka ndilo linalosimama katikati. Mnunuzi awe na leseni, tena apate kibali cha bunduki hiyo hiyo moja, na jina lake litazamwe na polisi kwanza. Nikasema hii ni kitu ya zamani, ya kutundika ukutani. Akasema zile za kushindiliwa baruti mdomoni, za kabla ya mwaka 1900, hizo zina nafuu yake; yangu inakula risasi za kawaida, kwa hiyo ni bunduki tu. Nikamcheka. Nikamwita mwoga, nikasema Wakenya wanapenda makaratasi kuliko chakula.

Kwani sisi hatuna makaratasi? Kwetu Uvira hata kiwanja kinauzwa kwa acte de vente: mnaandika, mashahidi watatu wanatia sahihi, mnakunywa kitu, imeisha. Basi Olivier, tunayesali naye Fairfield, aliposema anakusanya vitu vya kale, nikamuuzia bunduki vile vile. Mashahidi watatu, wawili kati yao mashemasi, Fanta mezani. Na lile kopo la risasi nikampa matabishi, nyongeza ya mteja mzuri. Hakuna aliyeuliza mtu wa kutundika bunduki ukutani anataka risasi za nini.

Alhamisi iliyofuata, saa sita mchana, mke wangu Darlène akarudi kutoka kazi yake ya kutunza wazee. Nikamsimulia biashara yangu kwa majigambo. Akakaa chini na koti lake mwilini.

"Papa Bénie, yule mtu alimvunja Ineza taya," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu. "Mahakama imemkataza hata kukaribia mlango wake. Unafikiri kwa nini hakwenda dukani?"

Ineza ni mke wa Olivier. Alikuwa amehamia Seven Hills kimya kimya, na kanisani ni wanawake tu walioijua nyumba yake. Nikampigia Olivier, simu imezimwa. Nikamwambia Darlène anipe anwani na awaite polisi, mimi nikakimbilia gari. Njia nzima nilijitukana kwa kila lugha ninayoijua. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, yule mwanamke nimkute hai.

Sijui nani alimtajia Olivier nyumba, lakini mlango wa mbele ulikuwa umepasuliwa kwa mateke. Olivier alikuwa kwenye korido, bunduki begani, mbele ya mlango wa bafu uliotobolewa na risasi. Ndani ya bafu nilimsikia Ineza analia kwa sauti ya chini. Bunduki ile kila risasi lazima uvute komeo kwa mkono, na Olivier alikuwa analivuta.

Nikamrukia. Nikakamata mtutu, akanipiga kitako mdomoni, meno yakakatika, moja nikalimeza. Sikuachia. Tukabamizana ukutani, kioo kikatuangukia, tukawa tunakanyaga vigae vyake. Nikamng'ata sikio mpaka nikaonja damu. Halafu bunduki ikalia. Masikio yakaziba, nikatazama mkono wangu wa kushoto, vidole viwili havipo.

Hasira iliyonipanda hapo sijawahi kuijua, hata wakati wa vita. Nikampokonya bunduki, nikampiga goti kwa kitako, mguu ukaenda upande. Alipoanguka nikampiga usoni, nikarudia. Pua ikabonyea, jicho likafunga, anamwita Yesu, na mimi nainua tena. Nilitaka afe, sitadanganya.

Ineza akatoka ameshika bega, damu inachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akanishika mkono, akasema inatosha. Nikaitupa ile bunduki. Polisi wakaingia wakipiga kelele, wakamfunga Olivier pingu pale pale sakafuni.

Tukakaa tukisubiri ambulensi. Ineza akachana kitenge chake, akaanza kunifunga mkono, anavuta kwa meno na kwa mkono wake mmoja mzima. Nilikuwa nangoja asante. Nikamwambia, dada, tumshukuru Mungu nimewahi.

"Alipokuwa na ngumi tu, nilikuwa naweza kumkimbia," akasema, bila kuniangalia. "Alinitajia jina lako kabla hajafyatua risasi. Alikuwa anacheka."

Polisi mmoja akachuchumaa mbele yetu, akauliza bunduki imetoka wapi. Nikawaza wanangu, nikawaza jela, nikageuza uso. Ineza akakaza fundo mpaka nikaguna, kisha akaninyooshea kidole.

"Ni huyu," akamwambia. "Huyu ndiye aliyemuuzia."