Keekee ya Marehemu Baba

Nikutegee wewe uliyekaa hapo: ana meno, anakula mbao, anatema unga, lakini hali mpaka umshike mkono umzungushe. Usijikune kichwa bure. Ni keekee, ile ya mkono, ya kutobolea mbao kabla umeme haujawadekeza mafundi.

Fundi mmoja, waliyemwita Milimita kwa kupimapima kwake, alinuniana na mdogo wake miaka sita kwa ajili ya chombo hicho. Baba yao alipofariki, keekee yake haikuonekana. Milimita akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mdogo wake kaiiba. Hilo hakulipima.

Jumatatu moja mkewe alikuwa akihamisha magunia stoo, akaibua keekee iliyovaa kutu kama koti.

"Baba watoto, hii si ya baba mkwe?"

"Keekee zote sura moja. Ngoja niisafishe, ndiyo tuijue."

Akaifungua, akailoweka kwenye mafuta ya taa, akasugua. Jumatano, kwenye gurudumu la meno, ikajitokeza mikwaruzo miwili. Ndiyo alama ya baba yao, mkwaruzo mmoja kwa kila mwana. Milimita akaitazama weee. Kisha, kama fundi asiyependa kazi nusunusu, akachukua msasa akasugua mpaka gurudumu likawa kioo. Mpini akaupaka vanishi.

Hakujua kwamba mkewe keshamwita shemeji yake, yule mdogo mtu. Alhamisi huyo mlangoni. Akaishika keekee, akaizungusha. Ikateleza kama ulimi wa dalali.

"Hii si ya baba," akasema. "Ya baba ilikuwa na alama, tena ikilia kama paka."

"Una hakika, shemeji?"

"Ile ningeijua hata gizani." Akaiweka mezani. "Kaka, mimi nimechoka kununa. Labda kweli niliichukua siku zile za msiba, nikaisahau mahali. Sikumbuki. Basi, nisamehe."

Milimita akaanza kufuta meza isiyo na vumbi.

"Baba watoto," mkewe akasema, macho kwenye sinia la mchele anaouchambua, "tangu Jumatatu nimekuuliza na hujanijibu. Hiyo keekee ni ya nani?"

Akafuta. Akakohoa. Akafuta tena palepale.

"Ya baba," akasema. "Niliiazima mwenyewe kabla hajaugua, nikaisahau stoo. Na alama nimezifuta jana, kwa mkono huu."