Ngoma Bila Dawa

Luhaga alipobatizwa, Magu nzima ilimpa mpaka msimu wa ngoma tu. "Huyu?" watu walisema. "Ngojeni pamba iuzwe, ngoma zianze kulia, tuone kama Ukristo wake utakuwepo!" Hata mkewe, Teodora, aliyemwombea miaka mpaka magoti yakaota sugu, hakumficha. "Nakuombea, baba Malimi," alimwambia, "ila nakufahamu."

Walikuwa na sababu. Luhaga alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, wa kundi la Bagalu, na kwa Wasukuma mashindano ya ngoma hayana mwamuzi. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja. Watazamaji wakihamia kwako, umeshinda. Sasa ni manju gani atawaacha watu wajiamulie wenyewe? Hujipaka dawa ya kuwavuta. Padri hakumkataza Luhaga kucheza, alimkataza dawa. Naye, kifua mbele, akasimama kanisani akaapa kwamba atacheza bila dawa tangu wimbo wa kwanza hata wa mwisho. Mdomo ule! Hakuna aliyemtuma.

Mwaka huo watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kununua pamba, na mnunuzi mmoja mgeni akatoa dume la ng'ombe kwa mshindi. Wapinzani, Bagika, wakaja na chatu, na jenereta, na spika mbili zilizokoroma hadi ziwani.

Jua lilipopinda, watu wakaanza kumhama Luhaga. Kwanza watoto. Kisha wanawake. Kisha wazee wa kanisa, wakijifanya wanatafuta kivuli, na kivuli chenyewe kikawa kule kwa chatu. Ngosha, mpiga ngoma wake tangu ujana, akamsogelea na pembe ndogo ya dawa kiganjani.

"Paka kidogo tu, hapa kwenye nyusi," akanong'ona. "Mungu ana mambo mengi leo."

Luhaga akaipokea ile pembe. Aliitaka, jamani, tusidanganyane. Aibu ilikuwa inamchoma mpaka masikioni. Maisha yake yote hakuwahi kuchezea uwanja mtupu. Akageuka kuona kama kuna anayemtazama, akamkuta mmoja tu: Teodora, amekaa juu ya kanga, anatafuna karanga.

"Unatazama nini?" mkewe akampigia kelele. "Cheza! Au kiapo chako kilikuwa cha asubuhi tu?"

Luhaga akamrudishia Ngosha pembe yake. Ngosha akaguna, lakini akapiga ngoma. Luhaga akacheza, magoti yakilia, jasho likimwingia machoni, akaimba nyimbo zote bila kuruka hata moja. Kule ng'ambo dume likakabidhiwa kwa vifijo, watu wakatawanyika, jenereta likazimwa, naye bado anaimba. Alipomaliza wimbo wa mwisho, Teodora akapiga kigelegele kirefu, peke yake, kisha akaanza kulia.

Luhaga akajitupa chini kando yake, hoi.

"Hata wewe ungehama tu," akasema.

"Nilitaka," Teodora akajibu, akijifuta machozi. "Chatu yule anapendeza."

Luhaga akacheka mpaka akakohoa. "Lakini umeona? Sikupaka. Nimefika mwisho, mama Malimi."

"Mwisho gani, na wewe hujafa?" Teodora akammiminia kiganjani karanga zilizobaki, akainuka, akakung'uta kanga yake. "Beba ngoma yako, twende nyumbani."